Umemlipa nani? Maswali yenu kuhusu tiketi na hoteli za mtandaoni

Maswali yamenijia mengi na karibu yote yana mzizi mmoja, mtu kaona bei nzuri kwa wakala wa mtandaoni, kalipa fasta bila kusoma anamlipa nani na kwa masharti gani, sasa anatafuta wa kumlaumu. Waliouliza kitu kile kile nimewajibu kwa pamoja. Na nyie mnaoandika tu "naomba nauli", mimi siuzi tiketi jamani.

Nimeona bei kwenye tovuti ya kulinganisha, kubonyeza nikapelekwa kwa wakala nikakuta imepanda, kufika kwenye malipo imepanda tena. Huu si wizi?

Mara nyingi sio wizi, ila ustaarabu haumo. Tovuti za kulinganisha kama Skyscanner au Kayak kazi yao kubwa ni kukuonyesha bei za wengine, na bei unayoiona pale inaweza kuwa imekusanywa muda kidogo nyuma, ukibonyeza ndo mfumo unaenda kuuliza bei ya sasa hivi na kumbe ile siti ilishachukuliwa. Hiyo moja. Halafu wakala anajua kabisa kwamba watu mnaangalia jina la juu kwenye listi basi, kwa hiyo anapigania awe wa kwanza, tiketi yenyewe anaiweka kwa faida ndogo sana au hata kwa hasara, faida anaitafuta huko mbele kwenye begi, siti, meseji za kukujulisha ratiba, "huduma ya kipaumbele", makato ya kadi. Msishangae. Mashirika ya ndege ya Marekani yalianza kubana kamisheni za mawakala mwaka 1995, Delta ikitangulia, na ilipofika 2002 makubwa yakafuta kabisa kamisheni ya msingi, wengine duniani wakafuata mkondo. Sasa wakala asiyelipwa vizuri na shirika anamtegemea nani kama sio wewe?

La tatu ndo watu wengi hawalijui, idadi ya abiria. Siti za daraja lile lile zimegawanywa kwa makundi ya bei na kila kundi lina herufi yake. Mkiwa wanne na kundi la bei ya chini limebakiza siti tatu, mfumo kwa kawaida hauwapi watatu bei ya chini na mmoja bei ya juu, unawapandisha wote wanne. Kwa hiyo kabla hujanunua tafuta kwa mtu mmoja, kisha wawili, kisha watatu, uone bei ya kila kichwa inarukia wapi. Ikiruka unaweza kununua mara mbili, ila mkiwa na watoto msijaribu, maana buking zikiwa mbili na ndege ikavurugika kila buking inashughulikiwa kivyake, mnaweza kujikuta baba kapewa ndege ya asubuhi na mtoto ya jioni.

Kwa safari zinazoanzia Umoja wa Ulaya kuna sheria namba 1008 ya mwaka 2008 inayotaka bei ya mwisho, pamoja na kodi na makato yasiyokwepeka, ionyeshwe tangu mwanzo, na vya hiari uvichague mwenyewe, sio ukute vimeshawekewa tiki. Kwingine soma kila ukurasa. Kila ukurasa nimesema.

Ni kweli nikitafuta safari ile ile mara nyingi wananijua na kunipandishia? Natumia dirisha la siri lakini bado inapanda.

Umejijibu mwenyewe. Umejificha na bado imepanda, basi sababu sio wewe, ni kwamba lile kundi la bei limeisha au shirika limebadilisha nauli. Swali hili mnaniulizaga kila mara, naomba liishe.

Vinavyoweza kubadilika kweli ni nchi na sarafu ambayo tovuti inadhani upo, punguzo la waliojisajili, na ofa za kwenye programu ya simu ambazo kwenye kompyuta hazipo. Na mpangilio wa listi. Mwaka 2012 ilitoka habari kwamba Orbitz, wakala wa mtandaoni, ilikuwa inawatangulizia watumiaji wa Mac hoteli za gharama zaidi kwa sababu takwimu zake zilionyesha hao watu hulipa zaidi, ila chumba kile kile bei ilikuwa ile ile kwa wote. Kwa hiyo acha kufukuzana na kuki (vile vifaili ambavyo tovuti inaviweka kwenye kifaa chako ikukumbuke), panga listi kwa bei mwenyewe. Na tovuti ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya nyumbani kwako "kwa urahisi wako", kataa, ule urahisi kwa kawaida una faida yao ndani, acha benki yako ibadilishe.

Jina langu lina kosa la herufi moja kwenye tiketi.

Mwambie aliyekuuzia, leo hii, sio ukiwa kwenye foleni ya uwanja.

Shirika limefuta ndege yangu. Nikipiga simu wananiambia niongee na wakala, wakala ananiambia anasubiri shirika. Miezi imepita pesa sijaiona. Nimsumbue nani?

Pole ndugu yangu, hapa ndipo utamu wa ile bei unapoishia. Msomaji huyu katuma na picha ya muamala wake, jina la shirika la ndege halimo kabisa, lipo jina la wakala. Basi umeshapata jibu la nusu ya swali, anayeonekana kwenye taarifa ya benki ndiye uliyemlipa na ndiye wa kumbana kwanza. Tiketi iliyotolewa na wakala inabaki mikononi mwake, shirika linaiona kwenye mfumo ila mara nyingi halitaigusa, na hata ratiba ikibadilika taarifa inaenda kwa wakala maana imeili iliyowekwa kwenye buking inaweza kuwa ya kwake, sio yako. Ndo maana watu wanafika uwanjani kumbe ndege iliondoka masaa manne kabla.

Mnachotakiwa kufanya wote, siku ile ile ya kununua, ni kutafuta namba mbili. Ya kwanza ni namba ya buking ya shirika lenyewe, herufi na tarakimu sita, ambayo sio ile namba ndefu ya oda ya wakala. Ya pili ni namba ya tiketi, ina tarakimu 13 na tatu za mwanzo zinalitambulisha shirika, 071 ni Ethiopian, 176 ni Emirates, 157 ni Qatar. Kama una namba ya buking halafu ya tiketi hakuna, basi tiketi haijatolewa, umeshikiwa nafasi tu na inaweza kuyeyuka. Ingia kwenye tovuti ya shirika, fungua safari yako, weka imeili na simu yako mwenyewe.

Sasa pesa. Waandikie shirika kwa chati, sio simu, waulize swali moja: hela ya tiketi namba fulani mmeshairudisha kwa wakala, na ni tarehe gani? Wakisema ndio, piga picha ya skrini, mtumie wakala na umpe siku za kujibu. Akiendelea na danadana, peleka ushahidi wote benki ukapinge muamala, na usikae sana maana mitandao ya kadi ina muda wake wa mwisho wa kupokea malalamiko. Kama ndege iko chini ya sheria ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, ikifutwa una haki ya kurudishiwa hela ndani ya siku 7. Kwa safari za kwenda, kutoka au ndani ya Marekani, kanuni za mwaka 2024 zinasema aliyeonekana kwenye muamala ndiye anayewajibika kurudisha, kwa waliolipa na kadi ya mkopo ni siku 7 za kazi, hata kama ni wakala na hela ameshaipeleka kwa shirika, ingawa kwa wakala siku hizo zinaanza kuhesabiwa pale shirika likithibitisha kwamba unastahili.

Na onyo ambalo hukuuliza: wakikutumia imeili yenye kitufe kikubwa cha kukubali vocha, usikiguse. Ukishakubali vocha, kudai hela taslimu baadaye inakuwa kazi ngumu mno.

Nimeshasema huko nyuma na nitasema tena, tumia mawakala kutafutia, kununua nunua kwa mwenye ndege. Ile tofauti ndogo ya bei unailipa siku mambo yakiharibika, na safari za ndege huharibika.

Wakala ananiuzia "ulinzi wa kukansel kwa sababu yoyote". Ninunue?

Soma wanarudisha asilimia ngapi na kama ni pesa au salio la kutumia kwao tu. Wengi mkisoma mtaacha.

Hoteli ninayoitaka bei yake kwa wakala ni ndogo kuliko kwenye tovuti ya hoteli yenyewe. Inawezekanaje?

Inawezekana kwa njia kadhaa. Wakala anaweza kukata kwenye kamisheni yake ili akupate wewe, na kamisheni hiyo sio ndogo, asilimia 15 ni kawaida kabisa na inaenda juu. Au chumba kilinunuliwa kwa jumla kwa ajili ya vifurushi kikavuja kikauzwa rejareja. Au, na hii ndo inayowapiga wengi, hamlinganishi kitu kimoja, huku kuna kifungua kinywa na unaweza kukansel, kule hakuna kifungua kinywa na hela hairudi, huku kodi imo, kule kodi ya jiji utaikuta mapokezi. Fungua mpaka ukurasa wa mwisho pande zote mbili ndo ulinganishe.

Halafu kuna historia yake. Kwa miaka mingi mawakala wakubwa waliziwekea hoteli masharti zisiuze kwa bei ya chini kuliko yao, Ufaransa ikapiga marufuku kwa sheria mwaka 2015, Ujerumani mamlaka ya ushindani ikayapinga ya HRS, wakala wa hoteli wa huko, na baadae ya Booking.com, na Booking.com ilipowekwa mwaka 2024 kwenye kundi la makampuni yanayobanwa na sheria mpya ya masoko ya kidijitali ya Ulaya, masharti hayo ikabidi yaondoke huko. Hata pale ambapo hoteli inaogopa kushusha bei kwenye tovuti, kwenye simu ni maongezi mengine. Piga, ongea na mtu wa mapokezi au wa riziveshen kwa adabu, mwambie nimeona bei hii mahali, mnanifanyiaje nikija moja kwa moja? Asiposhusha anaweza kukuongezea kifungua kinywa au muda wa kutoka. Anajua vizuri kamisheni anayoikwepa.

Kingine, kama unakusanya pointi za Marriott au Hilton, ukibuki kwa wakala kwa kawaida huzipati.

Nikifungua tu naona "kimebaki chumba kimoja, watu 14 wanakiangalia". Napata presha nalipa.

Ndo kazi yake, kukupa presha. Hao watu 14 wanaweza wawe wanaangalia tarehe tofauti kabisa na yako, na "kimoja" maana yake kimoja alichonacho huyo wakala, sio hoteli nzima. Mwaka 2019 mamlaka ya ushindani ya Uingereza, CMA, iliwabana Expedia, Booking.com, Agoda, Hotels.com, ebookers na trivago kuhusu mambo haya haya, wakakubali kubadilika. Funga ukurasa, kanywe maji, piga simu hotelini uulize.

Tovuti ipi ni bora kuliko zote?

Hakuna, na mnaolinganisha nne mkidhani mmeangalia washindani wanne mjue Booking.com, Agoda, Priceline na Kayak ni mali ya kampuni moja, na Expedia, Hotels.com, Orbitz na Vrbo ni ya nyingine. Hata anayejiita mlinganishaji mwangalie vizuri, trivago mwaka 2022 ilipigwa faini ya dola za Australia milioni 44.7 na mahakama ya huko kwa sababu ofa iliyokuwa inaisukuma mbele kama bora mara nyingi sio iliyokuwa rahisi, malipo ya mwenye tangazo yalikuwa na uzito mkubwa.

Nimeuziwa safari ya kuunganisha, masaa mawili katikati, ila nimeambiwa nichukue begi langu na kuchek in upya. Ni kawaida?

Ni kawaida ya tiketi mbili zilizoshonwa pamoja na wakala, mashirika mawili yasiyojuana. Ya kwanza ikichelewa, ya pili huidai kitu wala haikujui, wewe ni abiria ambaye hakutokea. Na kuchukua begi mara nyingi maana yake upite uhamiaji, kwa hiyo viza ya nchi ya katikati unayo? Masaa mawili dada yangu hayatoshi. Ongea na wakala kabla ya siku ya safari, uliza dhamana yao inalipa nini hasa ukikosa ndege ya pili.

Naweza kukansel bure ndani ya masaa 24?

Ile sheria mnayoisikia ni ya Marekani, inahusu safari zinazogusa Marekani, ukinunua kwa shirika lenyewe siku 7 au zaidi kabla ya safari, na shirika linaweza kuchagua kukushikia bei badala ya kurudisha hela. Mawakala haiwabani, wapo wanaoruhusu kwa hiari yao. Soma masharti ya wako.

Nilitafuta namba ya huduma kwa wateja ya shirika, nikapiga ya kwanza iliyotokea, wakasema tiketi yangu ina tatizo nilipe kidogo waitengeneze, nikawapa namba ya kadi. Tiketi bado haijabadilika.

Hao sio shirika. Kuna watu wanalipia matangazo yakae juu kabisa, wanapokea simu kwa jina la shirika, na namba ya simu sahihi ni ile iliyoko kwenye tovuti ya shirika uliyoiandika anwani yake mwenyewe. Acha kuwapigia tena, acha kunisubiri mimi, piga benki sasa hivi wafunge hiyo kadi, halafu ingia kwa shirika uangalie kama tiketi yako bado ipo hai maana ukiwapa namba ya buking na jina lako la ukoo wanaweza kuifungua na kuichezea.