Nilichora Kiuno kwenye Seli ya Kitunguu

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa kidato cha sita aliniandikia kwamba amekariri hatua zote za mgawanyiko wa seli, kuanzia profesi hadi telofesi, na bado kila jaribio anaambulia alama za chini. Nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza, kwa sababu mtu aliyekuwa akielezwa katika ujumbe ule nilikuwa mimi mwenyewe, mwaka wangu wa pili chuoni.

Siku ya mtihani wa vitendo tulipewa ncha za mizizi ya vitunguu. Tulizilainisha katika asidi iliyopashwa moto, tukazitia rangi, tukazikandamiza kwa kidole gumba juu ya kioo mpaka seli zikatandazika safu moja. Slaidi yangu ilikuwa safi kuliko zote mezani, na nalisema hili bila haya. Kwenye hadubini niliziona kromosomu, vibeba urithi vya seli, zimekwisha kuachana makundi mawili, kila kundi likijikusanya upande wake. Kisha nikaharibu. Kwa kuwa nilikuwa nimekariri mchoro wa seli ya mnyama, niliichora seli ya kitunguu ikiwa imebanwa katikati, ina kiuno chembamba kama cha nyigu. Mhadhiri aliuinua mchoro wangu darasa zima liuone, akauliza, "Nani amekifunga kitunguu mkanda?" Nilipata alama 38, na kile kicheko ninakisikia hadi leo.

Namna alivyouliza sijaisamehe, lakini swali lenyewe lilikuwa la haki. Katika seli ya mnyama, mkanda huo upo kweli: ni pete ya nyuzi za protini iitwayo aktini, kila uzi ukiwa na unene wa nanomita 7 hivi, zikivutwa na protini nyingine, myosini, mpaka pete inabana na seli inakatika vipande viwili. Ni jozi ileile inayokunja misuli ya mkono wako. Seli ya kitunguu ina ukuta mgumu usiobanika, kwa hiyo hufuata njia nyingine: mirija ya protini iitwayo mikrotubuli hujipanga katikati, na vifuko vidogo vyenye malighafi ya ukuta husafirishwa juu yake, vikaungana na kujenga kizuizi kinachoanzia katikati kuelekea kingoni.

Mikrotubuli ndiyo iliyonifundisha kusoma upya. Tofali lake ni tubulini, linalokuja kwa jozi; nguzo 13 za matofali hayo kwa kawaida hufanya mrija wenye upana wa nanomita 25. Mwaka 1984 Tim Mitchison na Marc Kirschner walionyesha kwamba mirija iliyomo katika chombo kimoja haiendi pamoja, bali mingine hurefuka huku mingine ikiporomoka ghafla. Seli huitumia tabia hiyo kama mvuvi anayetupa mshipi tena na tena: mrija unaokosa kromosomu huporomoka, unaoinasa hudumu. Wakati wa kutenganisha, mrija hubomolewa hasa pale uliposhika kromosomu, nayo kromosomu huufuata mrija unaofupika. Anayeandika tu kwamba "nyuzi huvuta" ameacha nusu ya jibu nje.

Hata mwendo wa chembe nyeupe ya damu inayofukuza bakteria ni kazi ya ujenzi na ubomoaji. Matofali ya aktini huongezwa mbele, yakausukuma utando wa seli, huku nyuzi za nyuma zikivunjwa na matofali yake kutumika tena, kama mafundi wanaong'oa mbao za nyuma ya daraja ili wazipigilie mbele.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ushauri wangu ni huu: kila unapouona uzi katika mchoro, uliza ni nani anaujenga, ni nani anaubomoa, na ni wapi. Usikariri picha. Uliza ni nani anaujenga. Nilipofanya hivyo nilirudia mtihani nikapata 81, na mhadhiri yuleyule hakusema neno. Vijana wengi wa leo wanataka majibu yaliyokwisha kutafunwa, kisha wanashangaa mtihani unapogeuza swali.

Jipime kwa dawa ya vinkristini, inayotokana na ua la asili ya Madagaska ambalo wengi wetu tunalipanda uani. Hutumika kutibu saratani ya damu kwa watoto, na pia uvimbe ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Mulago, Kampala. Dawa hiyo huishika tubulini ili mirija isijengeke, na seli ya saratani hukwama kabla ya kugawanyika. Hata hivyo, wagonjwa wengi hufa ganzi vidoleni, ilhali seli za neva zilizokomaa hazigawanyiki. Niandikie jibu: mirija ile inafanya kazi gani ndani ya neva inayotoka uti wa mgongo hadi kidole cha mguu?