Barua ya kuachishwa kazi ina tarehe gani?

Mdogo wangu ni kiziwi. Alifungasha bidhaa kwenye kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam karibu miaka minne, mpaka alipokuja msimamizi mpya akasema hataki mtu "asiyesikia maelekezo". Wiki hiyohiyo akapewa barua ya kuachishwa. Akaisaini bila kuelewa anachosaini, maana hapakuwa na mkalimani.

Sisi ndugu tukakimbilia kutafuta nani anamjua mkubwa wa pale. Mjomba akapiga simu, shangazi akaenda kuomba, tukaambiwa tusubiri. Siku 23 zikaisha hivyo.

Aliyetuzindua ni msaidizi wa kisheria wa kata yetu, mama ambaye nilikuwa nikipishana naye tu bila kujua kazi yake. Hakuuliza kisa, aliuliza barua ina tarehe gani. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Ukichelewa, unaanza na maombi ya kusikilizwa nje ya muda, na kusema "tulikuwa tunabembeleza" hakukusaidii. Kama ni kubembeleza, bembeleza ukiwa umeshajaza fomu. CMA hawatozi ada.

Yule mama alitufungulia pia sheria. Ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu. Ile ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Na wasaidizi wa kisheria kama yeye wanatambuliwa na sheria ya 2017. Hawasimami mahakamani kukutetea, lakini watakuandikia, watakuelekeza, na hawakutozi.

Jambo ninalotaka mlishike zaidi ni la mkalimani. Tulimpata kupitia chama cha viziwi, nami nikaona ni usumbufu, si mimi nipo? Namjua mdogo wangu tangu anatambaa. Siku ya usuluhishi msuluhishi akauliza swali, nikajibu mimi. Mdogo wangu akanishika mkono, akaniweka chini, akaanza kueleza kwa alama: jinsi alivyokuwa akisoma oda ubaoni, jinsi alivyowafundisha wageni watatu kazi, siku ambayo msimamizi alimsukuma. Hayo yote sikuwa nayajua. Miaka yote hiyo nilikuwa nayafupisha maneno yake na kuyaita msaada. Tafuteni mkalimani ambaye si ndugu, na ombeni mapema, kwa maandishi.

Kiwanda kilikubali kumlipa. Kurudi hakutaka. Sasa yuko kwingine, na kila karatasi anayotakiwa kusaini huipiga picha kwanza, akamtumia yule mama.