Mtoto aliyeshuhudia ajali au kifo: mwezi wa kwanza nyumbani

Mtoto wa miaka mitano aliyemwona baba yake akigongwa na gari anaweza kucheza na wenzake uani msiba mzima, watu wazima wakasema afadhali, huyu hajaelewa kitu. Wiki mbili baadaye anakojoa kitandani, hataki mama aende hata chooni bila yeye, na kila akichezea vigari vyake vya makopo lazima vigongane. Hapo ndipo wengine hushika fimbo, na ndipo mambo yanapoharibika. Kiwewe cha mtoto mdogo hutokea kwenye usingizi, tumbo, kibofu na michezo kabla hajapata maneno ya kukisema. Wa miaka 7 hadi 11 huumwa tumbo kila asubuhi ya shule, na wengi hujilaumu kimoyomoyo: nisingemwagiza daftari, asingetoka. Kijana huwa mkali au hujifungia chumbani.

Tuanze na ukweli, maana hapa ndipo familia nyingi hukosea kwa nia njema. Akiambiwa "amesafiri", atasubiri, kisha atausikia ukweli kwa watoto wa jirani na hatakuamini tena. "Amelala" humfanya aogope kulala. "Mungu kampenda zaidi" humtia hofu kwamba kesho atapendwa mama. Muulize kwanza amesikia nini, halafu useme kwa ufupi: "Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui, hasikii maumivu, na hatarudi. Si kosa lako. Mimi nipo." Aliye chini ya miaka mitano au sita bado hajui kwamba kifo hakina marejeo, hivyo atauliza tena kesho na keshokutwa. Mjibu kwa maneno yaleyale.

Usimlazimishe asimulie alichoona, wala usiruhusu kila mgeni amhoji. Akianza mwenyewe, sikiliza bila kumkatiza. Video za ajali zinazozunguka WhatsApp zifutwe kwenye simu anazochezea. Na yule wa kwanza kuzaliwa, hata awe na miaka kumi na minne, asiambiwe "sasa wewe ndiye baba wa nyumba hii". Waombolezaji husema hivyo kumtia moyo. Yeye husikia kwamba kulia kumekatazwa.

Usiku ndio mgumu, na lazima utofautishe mambo mawili. Jinamizi huja zaidi kuelekea alfajiri: mtoto anaamka, anakutambua, anakumbuka ndoto. Huyu mkumbatie, washa taa, mwambie yuko wapi na nani yuko naye. Vitisho vya usingizini huja saa mbili tatu za mwanzo baada ya kulala: anapiga kelele macho wazi, jasho linamtoka, lakini hakujui, na asubuhi hakumbuki lolote. Huyu usimtikise wala kumwagia maji, kwani atazidi kupagawa. Ondoa vitu vya kumuumiza, kaa karibu mpaka vipite. Kwa kawaida ni dakika chache. Vikitokea saa ileile kila usiku, muamshe taratibu dakika 15 hadi 30 kabla ya saa hiyo, kisha umrudishe kulala. Fanya hivyo kwa wiki mbili hadi nne.

Kuhusu kukojoa: kama alikuwa ameshaacha kwa miezi sita au zaidi kisha akarudia, apimwe mkojo kwanza, kwa sababu maambukizi na kisukari navyo huleta hali hiyo. Tandika nailoni chini ya shuka, punguza vinywaji saa mbili kabla ya kulala, na mumalize kubadilisha shuka bila hotuba. Kumuanikia godoro barabarani ili aone haya huongeza hofu, na hofu humfanya akojoe zaidi.

Mchana mrudishie ratiba: kula, kuoga, shule na kulala kwa saa zilezile. Ukitoka, sema unarudi lini na urudi saa hiyo. Kumtoroka kwa mlango wa nyuma kunathibitisha anachokiogopa. Akishtuka, mpe kikombe cha uji wa kuwaziwa: aunuse polepole kwa hesabu ya tatu, aupulize upoe kwa hesabu ya tano, mara tano. Mfundishe akiwa ametulia, si katikati ya kilio. Mwalimu naye aambiwe, ili kusinzia darasani kusionekane utukutu.

Dalili zikizidi mwezi, au akitaja kutaka kufa wakati wowote, mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure Tanzania na Kenya. Tiba ipo: huko Moshi (Tanzania) na Bungoma (Kenya), mjini na vijijini, yatima wa miaka 7 hadi 13 walihudumiwa na washauri wa kawaida waliofunzwa, kwa vikao 12 vya kikundi na vichache vya mmoja mmoja, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba mwishoni mwa tiba walipata nafuu zaidi ya waliopewa huduma ya kawaida katika maeneo matatu kati ya manne.

Tegemea dalili kurudi siku ya arobaini, siku ya kutimia mwaka, au gari linapofunga breki ghafla. Kwa siku zinazojulikana, mwambie mapema nani watakuja, watafanya nini, na kwamba anaweza kuondoka akichoka. Andaa mtu mmoja wa kuondoka naye.