Maswali na Majibu: Kabla Hujanunua Silikoni

Nimesomea uchongaji, si daktari. Naweza kuingia kwenye kazi ya kutengeneza pua, masikio na macho bandia?

Unaweza. Fani yenyewe ni anaplastolojia, na wengi walio ndani yake si madaktari. Anna Coleman Ladd, aliyewatengenezea wanajeshi walioharibiwa nyuso vinyago vya shaba mjini Paris wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alikuwa mchongaji kama wewe. Watu huingia kwa milango mitatu: sanaa, maabara ya meno, na viungo bandia vya mikono na miguu. Kila mmoja huja na upungufu wake. Msanii anajua umbo lakini hajui mionzi ya kutibu saratani huifanya nini ngozi. Fundi wa meno anajua nta, jasi na akriliki (plastiki ngumu), ila masikio yake ya kwanza huwa bapa. Wa miguu bandia anajua kumpima mgonjwa lakini hajawahi kuchanganya rangi ya shavu. Anza na unachokosa.

Marekani, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huifundisha fani hii katika idara yake ya sanaa ya tiba, iliyoanzishwa mwaka 1911, na ipo bodi inayotahini na kutoa cheti. Uingereza, njia mojawapo ni mafunzo ya miaka 3 ndani ya huduma ya afya ya umma, unasoma huku ukifanya kazi. Nafasi ni chache kila mahali, kwa hiyo kinachokubeba ni jalada la kazi zako. Weka masikio mawili ya mtu mmoja, la kulia na la kushoto, uliyoyachonga ukiwa umemkalisha mbele yako. Weka pua ya mzee na pua ya kijana. Mazimwi na mafuvu yaache nyumbani; hakuna mgonjwa anayeyahitaji.

Kozi ya wiki mbili ya mtandaoni inatosha?

Haitoshi.

Nina skana na printa ya 3D. Kuna haja gani ya kujifunza kuchonga nta?

Barua za namna hii sasa ni nyingi kuliko nyingine zote, na nyingi zimeandikwa na watu ambao hawajawahi kuchonga hata sikio moja.

Skana ni msaada wa kweli. Sikio zima linapigwa picha, linageuzwa kama kwenye kioo, linachapishwa, na umeokoa saa kadhaa. Lakini upande wa pili wa kichwa haukuumbwa kufuata kioo. Sikio moja hukaa juu kidogo, jingine limetoka nje zaidi, na pale lilipokatwa kuna kovu linalovuta na nyama iliyovimba. Pua nayo haina pacha wa kugeuza. Anayeamua sikio lisogee milimita mbili nyuma ni jicho lako, mgonjwa akiwa amekaa, nawe umesimama mbele yake, kisha pembeni, kisha nyuma.

Halafu kuna ukingo. Kifaa kizuri hufifia polepole kwenye ngozi, unene wa mwisho ukiwa chini ya nusu milimita. Printa huacha vingazi hapo hapo. Kwa hiyo chapisha umbo, lihamishie kwenye nta, liyeyushie juu ya nakala ya jasi ya mgonjwa, kisha malizia kwa mkono: kingo, mikunjo, matundu ya ngozi. Asiyejua kuchonga hukwama hapa, na hakuna programu ya kumkwamua.

Tahadhari nyingine ambayo hukuiuliza. Usimimine silikoni ya platinamu (inayogandishwa kwa kichocheo cha platinamu) moja kwa moja kwenye kalibu iliyotoka kwenye printa ya rezini, ile plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga. Rezini isiyokomaa huizuia kuganda. Ioshe kwa spiriti, ikomaze kwa mwanga wa urujuanimno na joto, ipake tabaka la kuitenga na silikoni, na bado jaribu kwanza kwa tone. Kalibu ya jasi haina vituko hivyo.

Silikoni yangu inanata mpaka siku ya pili. Nifanyeje?

Itupe. Na ukiuliza tena, taja ni silikoni gani, uwiano gani na kalibu ya nini. Bila hayo hakuna fundi anayeweza kukusaidia.

Ikinata juu tu, pale ilipogusana na kalibu, imetiwa sumu, yaani kuna kitu kilichozuia kichocheo chake. Silikoni ya platinamu haivumilii salfa, bati wala amini (kemikali zenye nitrojeni). Salfa imejificha kwenye glavu za mpira na kwenye baadhi ya udongo wa kufinyangia. Vaa glavu za vinili, na udongo ule usikaribie meza ya kumiminia. Ikiwa laini mpaka ndani, umekosea kipimo au hukuchanganya vizuri. Nyingine ni 10 kwa 1, nyingine 1 kwa 1. Pima kwa mizani, kisha kwangua pembe na chini ya kikombe unapokoroga. Ikichelewa tu lakini ikaganda, chumba ni baridi. Na jasi iwe imekauka kabisa, la sivyo utapata vitundu mgongoni mwa sikio na kuilaumu mashine ya kunyonya hewa bure.

Sikio linakaa vizuri mgonjwa akinyamaza, lakini akizungumza ukingo wa mbele unaachia. Gundi gani ni bora?

Tatizo si gundi. Ni taya. Kichwa cha mfupa wa taya kiko mbele tu ya tundu la sikio, na mdomo ukifunguka ngozi ya hapo husogea. Kosa lilitokea siku ya kuchukua chapa, yaani kunakili umbo la upande huo wa kichwa.

Mkalishe mgonjwa wima. Akilala, nyama ya shavu huteleza nyuma. Ziba tundu la sikio kwa pamba iliyofungwa uzi, paka nywele vaselini, na uchore kwa kalamu itakayohamia kwenye chapa: mahali pa tundu, mstari wa kutoka pembe ya jicho, na mkono wa miwani unapopita. Koroga alginati (unga wa kuchukulia chapa) kwa maji baridi ili upate muda. Tabaka la kwanza lipake kwa brashi, jembamba, ukifukuza hewa kwenye mikunjo. Ongeza la pili, bandika shashi kabla halijaganda, kisha funika kwa bandeji za plasta. Using'oe mpaka plasta iwe ngumu, la sivyo chapa itajikunja mkononi. Mimina jasi mara moja, kwa sababu alginati ikipoteza maji husinyaa.

Sasa chukua chapa ya pili, mdomo ukiwa wazi, ulinganishe. Ngozi inaposogea, ukingo uwe mwembamba zaidi, na kwenye nakala ya jasi kwangua kidogo sana kufuata mstari wake ili silikoni ibane ngozi kwa upole. Ukikwangua kwa pupa utamsababishia kidonda.

Nikilinganisha rangi kwenye karakana inafanana, lakini nje uso unaonekana kijivu.

Umelinganisha chini ya taa moja. Rangi mbili zaweza kufanana chini ya taa na kuachana juani. Anza na mwanga wa mchana dirishani, kisha hakiki chini ya taa. Kwa ngozi nyeusi, acha kukimbilia rangi nyeusi: ndiyo inayoleta kijivu. Jenga kwa kahawia, nyekundu na manjano, tabaka nyembamba moja juu ya nyingine, na nyeupe iwe ya kuhesabu, maana huleta chokaa.

Natengeneza vipande vya uso vya filamu. Naweza kuanza kuwahudumia wagonjwa?

Si bila timu ya hospitali. Cha filamu huvaliwa siku moja kikatupwa. Cha mgonjwa huvaliwa kila siku, mara nyingi juu ya ngozi iliyopigwa mionzi ambayo haihisi tena inapobanwa. Silikoni iwe ya daraja la tiba. Na ukiona uvimbe mpya au kidonda kisichopona chini ya kifaa, usikifunike: mrudishe kwa daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo, kwa sababu saratani hurudi. Picha za wagonjwa unazozibandika kupata wafuasi ziondoe, kama huna idhini yao ya maandishi.

Akriliki ya jicho hutoka na vitundu ndani.

Unaipasha moto haraka. Kimiminika chake huchemka kwenye nyuzi 100 hivi. Iache kwenye maji ya nyuzi 74 kwa saa 8 au zaidi, ndipo upandishe.

Kifaa hudumu miaka mingapi?

Mmoja hadi miwili hivi, kisha rangi inapauka na kingo zinachanika. Jua na moshi wa sigara huharakisha. Tunza kalibu.

Mgonjwa wangu ana sikio linaloshikwa na sumaku kwenye vipandikizi vya mfupa. Anaweza kupigwa picha ya MRI?

Sikio livuliwe nje ya chumba, bila mjadala. Sehemu iliyobaki kwenye mfupa itategemea ni ya metali gani na kama inafunguka, na mpiga picha hawezi kuikisia. Mwandikie mgonjwa kadi ya kukaa kwenye pochi yake: aina ya vipandikizi, tarehe vilipowekwa, na jina la kliniki iliyoviweka.