Mchungaji, mkeo hajaukimbia wito

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mchungaji wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Nilibarikiwa miaka mitatu iliyopita nikapangiwa usharika wa kijijini. Mke wangu amekataa kunifuata, amebaki Moshi na cherehani yake. Watoto wanasoma, mama yao analipa ada. Mshahara wangu hukaa hata miezi mitatu bila kutoka. Washarika wananong'ona. Nimemweleza kuwa anapingana na wito wa Mungu, hasikii. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole, najua kutoka ibadani na kukuta jiko la baridi kunaumiza.

Ila ada umeitaja kwa kupita tu, kama jambo dogo. Mama yao analipa kwa nini, kama si kwa cherehani hiyo hiyo? Na ulipokuwa chuoni unasoma theolojia, nani alibaki na watoto? Sidhani alikuwa mwingine.

Usharika wa wakulima unajulikana. Sadaka ni maharage, mkungu wa ndizi na kuku wanaonadiwa nje ya kanisa baada ya ibada. Mvua ikikataa, mnada haupo, na mchungaji hana mshahara. Sasa mkeo naye aifunge cherehani, mje mkae wawili mkingojea mavuno? Usiache mbachao kwa msala upitao.

Tena kuna jambo hukuliandika. Mama mchungaji akishusha mizigo tu, anakabidhiwa umoja wa wanawake. Wageni wa jimbo la kanisa watakula kwake, watalala kwake, na hakuna atakayeuliza unga umetoka wapi. Wewe uliwekewa mikono, yeye akawekewa masufuria.

Vijana mnaotoka chuoni siku hizi mnadhani kazi ya mikono inaivunjia kola ya uchungaji heshima. Paulo alishona mahema Korintho, akikaa kwa Akila na Prisila, na kila sabato alikuwa sinagogi akihojiana na watu. Wewe unaona haya kulishwa na mkeo, ukaipa haya hiyo jina la wito. Hilo ni kosa, na umwombe radhi.

Jumatatu panda basi uende Moshi, kola iache nyumbani. Muulize kinaingia kiasi gani, kinatoka kiasi gani, kisha nyamaza umsikilize. Halafu nendeni wawili kwa mkuu wa jimbo, mweleze habari ya mshahara bila kuficha, uombe uhamisho wa karibu na mji. Ikishindikana, mtafute chumba chenye umeme hapo kijijini ashone sare za kwaya. Na wazee wa kanisa wakinong'ona tena, waambie wazi kwamba huyo wanayemsema ndiye anayemlisha mchungaji wao.