Kuhamia kijijini kwa wakwe Java: jibu langu kuhusu wezi, kiwanja na ukuta

Dada yangu, nimesoma swali lako mara mbili. Mumeo Mjava anataka mhamie kijijini kwao Bantul, kusini ya jiji la Yogyakarta, katika kisiwa cha Java, Indonesia. Unauliza kama wezi ni wengi, kama kiwanja mtakachonunua kinaweza kuandikwa jina lako, na kama muanze na ukuta na geti kama tulivyozoea nyumbani. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi huku tangu 2014, na kijiji chetu kiko Bantul hiyo hiyo, upande wa mashariki, karibu na mto Opak. Nitaanza na ukuta, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea.

Nilipofika, nyumba ya wakwe ilinitia hofu. Mbele hakuna uzio, baraza inatazama njia, na pikipiki ya shemeji inalala nje. Mimi nimekulia nyumba yenye nondo madirishani. Tulipojenga yetu nilimng'ang'ania mume wangu mpaka akakubali tupandishe ukuta wa tofali, mita mbili kasoro, mbele na ubavuni. Fundi hajamaliza kupiga lipu, akaja mzee wa RT. RT ni rukun tetangga, kikundi cha nyumba za jirani chenye kiongozi wake. Mfikirie kama balozi wetu wa nyumba kumi, ila huyu kazi yake ipo kila siku. Mzee akakaa, akanywa chai, akazungumzia mvua, akauliza bei ya simenti, akauliza kopo la jimpitan tutalitundika wapi, akaaga. Nikafurahi, nikaona tumetembelewa vizuri.

Mama mkwe alikuwa jikoni amesikia yote. Akaniuliza, "Umeelewa alichokuja kusema?" Nikamjibu hakusema kitu. Akaniambia amesema kila kitu: ukuta ule umeiondoa nyumba yetu machoni pa majirani. Kisha akanipa methali ya Kijava, luwih becik pager mangkok tinimbang pager tembok, yaani bora uzio wa mabakuli kuliko uzio wa ukuta. Bakuli la mchuzi unalompelekea jirani ndilo litakalokulinda.

Nikueleze hilo kopo, maana ukilielewa umeelewa ulinzi wa kijiji kizima. Kila mwanaume wa RT ana usiku wake mmoja kwa wiki wa kulinda, wanauita ronda. Wa mume wangu ni malam Rabu, na hapa Mswahili hahitaji kufundishwa: ni usiku wa kuamkia Jumatano. Wanakutana kwenye kibanda cha zamu, wamejifunga sarong, kahawa na tochi mkononi, na usiku wa manane wanazunguka. Mbele ya kila nyumba kuna kikopo kidogo kimetundikwa. Zamani ulitia humo mchele, mfumbato wa vidole vitatu, na kitendo hicho cha kufumbata ndicho kilichozaa jina jimpitan. Siku hizi kwetu ni sarafu ya rupia 500. Fedha ile inanunua taa za njia, inatengeneza mkeka wa mikutano, inamfikia mgonjwa. Lakini ulinzi wenyewe uko kwenye mwendo: ili achukue sarafu, mlinzi lazima afike mlangoni pako kila usiku. Kikopo cha bibi anayeishi peke yake kikikutwa kitupu, hawapiti tu. Wanabisha. Mwaka mmoja walibisha kwa jirani yetu wa nyuma, mama mzee, wakamkuta ameanguka bafuni tangu magharibi. Aliishi miaka minne mingine.

Kibandani imetundikwa kentongan, pingili nene ya mwanzi iliyotobolewa mwanya mrefu, hupigwa kwa kijiti. Mapigo ya haraka yasiyokatika, titir, ni hatari: moto, mwizi, mafuriko. Simu za WhatsApp zipo, lakini usiku simu ziko kwenye chaji na watu wamelala. Mwanzi unamwamsha kila mtu.

Wezi wapo, nisikufiche. Wanaibwa kuku, ndege wa matundu (Wajava wanapenda ndege mno, na wengine ni wa bei), na zaidi ya yote pikipiki iliyoachwa na ufunguo. Mara nyingi mwizi si wa kijijini. Na hapa kuna jambo ambalo sikulipenda na bado silipendi. Mwizi akikamatwa hupigwa. Wenyewe wanasema main hakim sendiri, kujifanyia uhakimu, na sisi tuliotoka kwenye "mwizi! mwizi!" tunajua inavyoishia. Nilishuhudia mara moja kijana amezungukwa na watu arobaini. Aliyemwokoa ni yule yule mzee wa RT: alikuja akaketi chini kando yake, hakuinuka mpaka polisi walipofika. Hakuna aliyethubutu kurusha mkono juu ya kichwa cha mzee. Ukichagua pa kuishi, mwangalie mzee wa RT kabla hujaangalia nyumba.

Ulinzi huo una gharama, na wengine umewashinda. Huna faragha. Mgeni wako akilala, RT anatakiwa kuarifiwa. Kibao kinachosema mgeni wa saa 24 lazima aripotiwe utakiona kwenye kona nyingi za Java. Jirani akiozesha mtoto, wanawake tunakwenda rewang, kumenya vitunguu na kukuna nazi siku mbili tatu. Akifa mtu kuna tahlilan, hitima yetu kabisa, siku saba za mwanzo, halafu ya 40, ya 100, mpaka ya 1,000. Kuna arisan, ambao ni mchezo wa upatu. Mwanzoni nilihesabu saa zangu zinavyopotea. Kisha nikajifungua kwa upasuaji, na kwa wiki tatu sikuwasha jiko. Sijahesabu tena.

Sasa kiwanja. Sikio la Mswahili litakusaidia hapa, na litakudanganya. Hak ni haki, milik ni miliki, ahli waris ni warithi, wakaf ni wakfu. Ukishika hati utahisi unaisoma. Lakini hak milik, ile haki kamili isiyo na ukomo, sheria ya ardhi ya 1960 imewawekea raia wa Indonesia. Mgeni mwenye kibali cha kuishi anaweza kupata hak pakai, haki ya kutumia, nayo ni ya muda: kwa kanuni ya 2021 ni miaka 30, ikiongezwa 20, na ikifanywa upya 30.

Linalowashtua wengi ni kwamba ndoa yako inamgusa hata mumeo. Mkioana bila mkataba wa kutenganisha mali, mnachonunua ndani ya ndoa ni chenu wawili, kwa hiyo mgeni amo ndani ya hak milik. Na sheria inasema mgeni aliyeipata kwa urithi au kwa kuchanganyika mali za ndoa aiachie ndani ya mwaka mmoja, la sivyo haki inafutika na ardhi inaangukia dola. Zamani mkataba huo ulikubalika kabla ya ndoa au siku ya ndoa tu. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa Oktoba 2016 mnaweza kuufanya hata mkiwa tayari mmeoana. Sisi tuliufanya kwa notari mwaka uliofuata, na ndipo tuliponunua.

Ndiyo, maana yake kiwanja si changu. Siku niliyotia saini sikulala. Nilichofanya ni kubakiza akiba yangu kwa jina langu, na kukaa na mume wangu tukaandika nini kitatokea akitangulia yeye. Watoto wetu wana uraia wa pande mbili mpaka miaka 18, kisha wanapewa miaka mitatu ya kuchagua. Zungumzeni hayo sasa, mkiwa mnapendana, msingoje msiba. Na atakayekwambia uazime jina la rafiki Mwindonesia uandike kiwanja, mkimbie. Sheria ile ile inabatilisha uuzaji wa kumpitishia mgeni ardhi kwa mlango wa nyuma, ardhi inakwenda kwa dola, na fedha uliyolipa huwezi kuidai popote.

Nikupe na maumivu yetu. Kabla ya kiwanja hiki tulitaka kingine, bei nzuri, kupitia dalali. Karatasi alizotuonyesha zilikuwa za Letter C, nakala ya daftari la zamani la kodi la kijiji, kwa jina la babu aliyekufa zamani. Muuzaji ni mjukuu, mtu mpole, tukatoa kishika uchumba. Baada ya miezi miwili akaja mzee mmoja kutoka Lampung, Sumatra, ambako serikali iliwahamishia Wajava wengi miaka ya nyuma. Alikuwa mtoto wa yule babu, mmoja wa warithi watano, na hakuna aliyemuuliza. Hakugomba. Alisimama kwenye tuta la shamba akaonyesha kwa kidole mti wa mwembe alioupanda mwenyewe. Fedha yetu tulirudishiwa kwa vipande, miezi kumi na minne.

Kwa hiyo dai hati ya hak milik iliyotolewa na ofisi ya ardhi, BPN, na mwende ofisini kwao kuikagua kabla hujatoa hata senti. Karatasi za zamani kama Letter C kanuni ya 2021 iliziwekea miaka mitano ziwe zimesajiliwa. Kama mwenye jina amefariki, warithi wote wasaini, na wa ng'ambo wapigiwe. Uliza kama ni pekarangan, kiwanja cha makazi, au sawah, shamba la mpunga, maana sawah hujengi bila kibali. Na uliza kwa dukuh, mkuu wa kitongoji, kama si tanah kas desa, ardhi ya kijiji yenyewe. Miaka ya karibuni hapa Yogyakarta watu wameuziwa nyumba zilizosimama juu ya ardhi hiyo.

Hujauliza kuhusu tetemeko, na ndilo ningelitaja kabla ya mwizi yeyote. Tarehe 27 Mei 2006, saa 11:53 alfajiri, ardhi ya Bantul ilitikisika chini ya dakika moja, na zaidi ya watu 5,700 wakafa, humu na wilaya za jirani. Wengi waliangukiwa na nyumba zao wenyewe, kuta za tofali zisizo na nguzo wala nondo. Mama mkwe alipona kwa sababu alikuwa ameinjika maji kwenye jiko la nyuma, la kuta za mwanzi uliosukwa, ambalo liliyumba kama kapu na kusimama tena. Dada yake alikuwa ndani ya nyumba ya tofali. Ukijenga, simama juu ya kichwa cha fundi: mkanda wa zege juu ya msingi, nguzo kila kona, linta inayozunguka nyumba nzima, na nondo za nguzo zifungwe na za linta, zisilazwe tu. Niliwahi kubomolesha kona moja iliyokwisha kumwagwa zege kwa sababu hiyo, na fundi alininunia wiki nzima.

Tarehe 30 Juni 2023, siku ya pili ya Idd kubwa kwa hesabu ya serikali, nyama bado iko jikoni, saa mbili usiku kasoro dakika tatu, likaja jingine kutoka baharini kusini. Nyumba ilisimama. Nilitoka na watoto, kentongan tayari inalia, na katika dakika chache watu wa RT walikuwa njiani wanaita nyumba kwa nyumba. Ukuta wa mbele tulikwisha kuukata hadi kimo cha goti tangu ule ujio wa mzee. Wa ubavuni niliubakiza kwa ukaidi. Huo ulikuwa umelala chini, urefu wa hatua sita, juu ya njia ambayo watoto hupita kwenda chuoni kusoma Kurani. Saa moja kabla walikuwa wanapita.

Kwa hiyo ukuta usijenge. Sasa pale tumepanda uzio wa vichaka vya teh-tehan, unakatwa kwa mkasi. Fedha ya tofali itie kwenye nondo. Na siku mtakayofika, kabla hamjafungua masanduku, mwende kwa mzee wa RT na nakala ya pasi, kibali cha kuishi na cheti cha ndoa, ukapige hodi kwa Kijava: kulonuwun. Atakujibu monggo, karibu. Muulize kikopo mtundike wapi.