Priseti zinapotea, na zilizobaki zote zinaitwa USER: jibu kwa mdau wa Ngamiani

Mkuu, umeleta mawili kwa mpigo. Kwanza, priseti, yaani mipangilio ya sauti mliyoiseti mchana kwenye mashine ya efekti (ile inayoongeza mwangwi) ukumbini hapo Ngamiani, Tanga, usiku mkiwasha mitambo hazipo. Pili, zile chache zilizosalia zote zimeandikwa USER na namba, kwa hiyo fundi mwenzio akikaa kwenye mikseri hajui ipi ya mwimbaji na ipi ya fidla. Naanza na la kwanza, halina mzunguko mrefu.

Ukigeuza vipimo vya priseti, hujagusa kumbukumbu bado. Mashine inatoa nakala, inakuwekea mezani, na wewe unaichezea hiyo nakala. Ukihamia priseti nyingine, meza inapanguswa. Umeme ukikatika, vivyo hivyo. Mashine nyingi huonya kwa kialama kidogo kwenye kioo: nukta au nyota kando ya namba, au taa ya EDIT. Ikiwa inawaka, ulichokiseti hakijahifadhiwa, hata kiwe kitamu vipi masikioni.

Kwenye mashine nyingi, kusevu ni mabonyezo mawili. Ukibonyeza STORE mara ya kwanza, namba inaanza kupepesa, hapo mashine inakuuliza "niweke wapi?" Unazungusha hadi kwenye namba unayoitaka, kisha unabonyeza tena. Wanaoishia bonyezo la kwanza ni wengi, na nadhani ndiko mlikopotelea. Kosa la pili ni la wenye haraka: wanabonyeza mara mbili bila kuzungusha, namba inabaki ileile, na priseti nzuri ya juzi inafunikwa bila mashine kuuliza. Kama namba hiyo ni ya kiwandani, mashine itakataa tu. Kwenye Yamaha SPX90 ya mwaka 1985, kwa mfano, 1 hadi 30 ni za kusoma tu. Za kwako ni 31 hadi 90. Ikikataa hata kwenye namba za kwako, ingia kwenye menyu ya UTILITY utafute PROTECT, uizime, usevu, uiwashe tena.

Umefuata yote hayo na bado asubuhi hakuna kitu? Hiyo ni betri. Mashine za zamani hutunza kumbukumbu kwa betri ya lithiamu ya volti 3, ile bapa kama sarafu, mara nyingi imechomelewa kwenye bodi. Ipime kwa mita mashine ikiwa imezimwa na waya wa umeme umechomolewa. Nzima itasoma 3 au juu kidogo. Ikishuka kukaribia 2.5, badilisha. Kwa hewa yetu ya chumvi angalia pia miguu ya betri kama ina ukungu wa kijani. Ukiing'oa, vilivyomo vyote vinaondoka, kwa hiyo toa nakala kwanza (njia iko mwishoni), ndipo ushike pasi ya kulehemu. Mashine mpya hazitegemei betri kwa kazi hii, ila usizizime wakati zinaandika.

Sasa majina, na hapa ndipo kazi ilipo.

Jina la priseti haliandikwi kwa ajili yako uliyeiseti. Linaandikwa kwa ajili ya mtu atakayeitafuta gizani, bibi harusi keshaingia na ngoma imeshaanza. "TAMU SANA" na "MPYA 2" hazimwambii kitu. Anachohitaji ni mambo matatu: sauti ya nani, mahali gani, kiasi gani. Kwa mpangilio huo, kwa sababu vioo vingi vina nafasi chache, vingine herufi nane tu, na jina likizidi kinachokatwa ni mwisho. Kwa hiyo:

KE UKUMBI 1.2
ME UKUMBI 1.0
KE UWANJA 2.2
FIDLA UK 1.6
MC KAVU

KE na ME kila mtu anazijua kutoka kwenye fomu. UK ni ukumbi. Namba ya mwisho ni sekunde za riverbu, yaani muda mwangwi unaodumu kabla ya kufifia. Kuiweka kwenye jina kunaokoa muda: fundi akiona sauti inaogelea, anajua aanzie wapi kupunguza bila kufungua kurasa za menyu.

Kwa nini ukumbi na uwanja viwe priseti mbili? Ukumbi wenye vigae chini na bati juu una mwangwi wake tayari. Ukiongeza sekunde 2, mashairi ya taarabu hayasikiki, na taarabu isiyosikika maneno ni kelele tu. Mle ndani tumia sekunde 1 hadi 1.3, kichelewesho cha mwanzo cha milisekunde 20 hadi 30 ili herufi za mwanzo zitoke safi, na kata besi chini ya hetzi 200. Nje, kama kule Raskazone upepo wa bahari ukivuma, hakuna ukuta wa kurudisha sauti. Hapo sekunde 2 na ushee zinabebeka.

Kwa priseti za dilei, yaani zinazorudia sauti kwa vipindi, kwenye jina weka kasi ya wimbo badala ya sekunde. Kupata muda wa dilei kwa milisekunde, hesabu ni 60000 gawanya kwa mapigo ya dakika. Mapigo 92 yanatoa milisekunde 652, nusu yake 326. Chakacha ina mtego: kila pigo lina vipande vitatu, si viwili. Kwa mapigo 100, pigo ni 600 na kipande ni 200. Ukiweka 300 dilei itagombana na dumbaki mwanzo hadi mwisho. Iandike "CHAKACHA 100", inatosha.

Kuandika kwenyewe kuna mitego miwili. Mashine nyingi hazifuti jina la zamani. Unaandika juu yake. Umechukua priseti ya kiwandani PLATE LARGE, ukaandika FIDLA, ukaondoka: kioo kitasoma FIDLA LARGE, ala mpya kabisa mjini Tanga. Endelea kusogeza kishale na kuweka nafasi tupu hadi mkia wote uishe. Mtego wa pili: jina nalo liko mezani pamoja na vipimo. Ukibadilisha jina bila STORE, linaondoka na umeme. Herufi zetu hazisumbui, isipokuwa kile kialama cha juu cha ng', ambacho mashine nyingine hazina. Andika NGOMBE tu, utaeleweka.

Kabla ya kusevu, tazama MIX, yaani kiasi cha efekti dhidi ya sauti kavu. Mashine ikiwa imeunganishwa kupitia oksi ya mikseri (njia ya pembeni inayopeleka sauti kwenye efekti), MIX iwe asilimia 100 efekti kwenye kila priseti, kwa sababu sauti kavu inapita mikserini tayari. Mara nyingi MIX husevu pamoja na priseti, na moja ikiwa na 50, siku utakayoiita sauti itapanda ghafla na spika zitapiga filimbi. Kiwango cha kuingilia kwa kawaida hakimo kwenye priseti. Ni kitufe cha mbele, kiwekee alama ya plasta.

Namba zipange kwa mafungu: MC na waimbaji 31 hadi 39, ala 40 hadi 49, dilei 50 kwenda juu, na uache pengo kila fungu. Mashine haipangi kwa alfabeti. MC KAVU, ambayo ni priseti ya mshereheshaji iliyoshushwa sauti ya efekti hadi sifuri huku MIX ikibaki 100, iweke 31, namba ya kwanza ya kwako, maana ndiyo inayoitwa kila baada ya wimbo. Mkibadilisha priseti kwa MIDI, waya unaobeba amri kati ya vyombo, kumbukeni kinanda kimoja huhesabu kuanzia 0 na kingine kuanzia 1. Mkiita 31 ikaja 32, hakuna kilichoharibika. Na kabla ya kuhama priseti, shusha kwanza fimbo ya marejeo, ile ya mikseri inayorudisha sauti ya efekti: mashine nyingi hukata mkia wa riverbu zinapohama.

Kwenye mashine zenye uwezo huo, nakala ya akiba hutolewa kwa MIDI kwenda kompyuta, na amri mara nyingi huitwa BULK DUMP. Baadhi ya waya za MIDI kwenda USB za bei ya chini hukata ujumbe mrefu, kwa hiyo itoe mara mbili ulinganishe ukubwa wa mafaili; yakitofautiana hata kidogo, waya haufai. Kama hamna kompyuta, au mashine haina amri hiyo, piga picha kila ukurasa wa kioo kwa simu, namba na jina vikionekana pamoja kwenye picha moja.